Rubani wa Ndege za Kivita: Muvi na Kazi Yenyewe (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Kila muvi mpya ya ndege za kivita ikitoka, maswali ni yale yale. Mifano mingi hapa inatoka Jeshi la Majini la Marekani, kwa sababu ndilo lililopigwa picha kuliko yote, na kwa sababu Top Gun ya 1986 na ile ya 2022 zimeonwa na karibu kila mtu, ukumbini au kibanda umiza. Mwishoni tutarudi nyumbani.

Ile shule ya marubani bora ya kwenye Top Gun ipo kweli?

Ipo. Ilianzishwa Machi 1969 katika kambi ya Miramar, karibu na San Diego, California. Wakati huo marubani wa Marekani walikuwa wakipata taabu katika anga ya Vietnam. Ndege yao, F-4 Phantom, ilikuwa na rada nzuri na makombora, lakini zile za Jeshi la Majini hazikuwa na mzinga hata mmoja. Waliaminishwa kwamba kukimbizana angani kumepitwa na wakati: unamwona adui kwenye rada, unafyatua, unarudi kula. Makombora hayakukubaliana na mpango huo. Kapteni Frank Ault akapewa kazi ya kuchunguza kwa nini hayapigi, na moja ya mapendekezo yake lilikuwa kuwepo kwa mafunzo maalumu ya kupigana angani. Kwa hesabu za jeshi lenyewe, kabla ya shule walikuwa wakiangusha ndege 2 na ushei kwa kila 1 waliyopoteza. Katika kipindi cha mwisho cha vita uwiano ulifika 12 hivi kwa 1.

Mengine ni ya muvi. Hakuna kombe la mshindi. Hakuna nafasi ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo hakuna wapinzani wa kutunishiana misuli bafuni. Anayehitimu anarudi kufundisha wenzake vikosini, na hilo ndilo lengo lote la shule. Ufukwe nao umekwisha: tangu 1996 shule ipo Fallon, Nevada, katikati ya jangwa. Na anayethubutu kunukuu maneno ya ile muvi akiwa shuleni hutozwa faini ya dola 5.

Rubani hushinda akifanya nini kutwa nzima?

Anakaa kwenye kiti. Cha ofisini, namaanisha.

Safari ya mazoezi ya kupigana inaweza kwisha ndani ya saa 1 au saa 1 na nusu, kwa sababu ndege ya kivita ina kiu. Rubani akifungulia moto wa nyuma ya injini, ule unaopendwa sana na wapiga picha, mafuta yanayeyuka kwa dakika. Hivyo mazungumzo ya redioni, hata mazoezi yakiwa yamepamba moto, yamejaa habari za mafuta: nimebakiwa na kiasi gani, narudi lini. Sijawahi kuona muvi ambamo steringi anakatisha vita kwa sababu mafuta yamefika kiwango cha kurudi nyumbani. Katika kazi halisi hilo ni jambo la kila wiki.

Lile saa moja la angani limezungukwa na saa nyingi za chini. Kuna kupanga safari: hali ya hewa, mafuta, nani ataanza wapi na kwa kimo gani. Kuna maelezo ya kabla ya kuruka, ambapo kila mmoja anajua hata atakachofanya redio ikizima. Kuna kuvaa, kukagua ndege, kuwasha. Na baada ya kutua kuna kikao cha tathmini, ambacho mara nyingi ni kirefu kuliko safari yenyewe.

Kikao hicho ndicho moyo wa kazi, na ndicho ambacho muvi hukikimbia. Mnaingia chumbani na rekodi za video na data za ndege zote. Mnarudia kila mgeuko. Kila kombora "lililofyatuliwa" linapimwa: je, lingepiga kweli? Ulikuwa umbali gani? Uliangalia nini kwanza, na kwa nini siyo kile? Cheo kinabaki mlangoni. Luteni anaweza kumwambia kamanda wake kwamba alichelewa kugeuka kwa sekunde 4, na kamanda anaandika. Mwenye kosa anatarajiwa kulitaja mwenyewe kabla hajatajwa, na anayejitetea sana huonekana hajakomaa. Mpiga picha ana sababu ya kukwepa chumba hicho, kwani watu wanne waliochoka mbele ya ubao mweupe hawauzi tiketi.

Halafu kila rubani ana kazi ya pili: kupanga ratiba, kusimamia idara ya matengenezo, usalama, kuandika tathmini za askari walio chini yake. Makaratasi yapo kila jeshi duniani.

Basi rubani mkaidi, asiyefuata amri lakini mwenye kipaji, hana nafasi?

Nafasi anayo, ya kufukuzwa. Ukipitisha ndege ya mamilioni ya dola kando ya mnara wa kuongozea ndege ili kumwagia mtu kahawa, kama steringi wa Top Gun, hutapewa nasaha halafu ukapelekwa shule ya wateule. Utanyang'anywa mabawa, yaani ile beji ya urubani.

Tumezoea kanuni ya kibandani kwamba steringi hafi, na anapovunja amri huwa sahihi kuliko aliyeitoa. Angalia kilichotokea Afghanistan usiku wa tarehe 17 Aprili 2002. Rubani wa F-16 wa Marekani, mtu mzoefu aliyewahi kuwa mkufunzi katika shule hiyo hiyo tunayoizungumzia, aliona milipuko ya risasi chini karibu na Kandahar. Aliomba ruhusa ya kufyatua mzinga, akaambiwa asubiri, asifyatue. Akatangaza kwamba anajilinda, akadondosha bomu la kuongozwa kwa leza. Waliokuwa chini walikuwa wanajeshi wa Kanada, washirika wake, katika mazoezi ya usiku. Wanne walikufa, wanane wakajeruhiwa. Ukaidi na kipaji vilikuwa katika chumba kimoja cha rubani usiku ule.

Vikosi vya ndege za kivita huthamini mtu anayejiamini, hilo ni kweli. Lakini huwa wanaruka wawili wawili au wanne wanne, na wa pembeni anamtegemea mwenzake awe pale alipoahidi kuwa. Rubani asiyetabirika ni hatari kwa rafiki kabla hajawa hatari kwa adui.

Nguvu ya G ni nini, na kwa nini wanapumua kama wanaojifungua?

Ndege ikikata kona kali, mwili wa rubani unasukumwa kitini kwa nguvu inayohesabiwa kwa kizidishio cha uzito wake. Kwenye G 9, kiwango cha juu cha F-16, mtu wa kilo 80 anakuwa na uzito wa kilo 720, sawa na kubebeshwa mifuko 14 ya saruji kwa mkupuo. F/A-18 kawaida hupewa kikomo cha 7.5. Damu nayo inakuwa nzito, inakimbilia miguuni, moyo unashindwa kuisukuma kichwani. Rangi hupotea kwanza, kisha uwanja wa kuona unafinyika kutoka pembeni, kisha giza, kisha fahamu zinatoka. Rubani aliyezimia hivyo anaweza kuchukua sekunde nyingi kabla hajajua yuko wapi, na kwa kasi ile ardhi haisubiri.

Kinga ni mbili. Moja ni suruali maalumu inayojaa hewa yenyewe na kubana mapaja na tumbo ili damu isishuke. Ya pili ni mazoezi: kukaza misuli yote ya chini, kubana pumzi, na kila baada ya sekunde 3 hivi kubadilisha hewa kwa haraka. Hiyo ndiyo ile sauti ya kukoroma unayoisikia kwenye video za kweli. Ni kazi ngumu ya mwili, na rubani anaifanya huku akigeuza shingo kumtafuta adui nyuma yake.

Shingo ndiyo inayolipa. Kichwa na kofia pamoja vikiwa kilo 7, kwenye G 9 ni kilo 63 zinazoning'inia juu ya pingili chache za mfupa. Zungumza na marubani wastaafu na utasikia habari za migongo na shingo kabla ya habari za ushujaa.

Mapigano ya kukimbizana angani bado yapo?

Yanafundishwa kila siku, yanatokea kwa nadra mno. Makombora ya leo hupiga ndege ambayo rubani hajawahi kuiona kwa macho, ni alama tu kwenye kioo. Muvi haiwezi kuishi na hilo, kwa sababu inahitaji nyuso mbili katika picha moja.

Tarehe 18 Juni 2017, F/A-18E ya Jeshi la Majini la Marekani iliangusha Su-22 ya Syria. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1999 kwa Wamarekani kuangusha ndege yenye rubani. Kombora la kwanza, la kufuata joto, lilikosa shabaha. La pili, la kuongozwa na rada, likapiga. Hakukuwa na mzunguko wa dakika kumi wala maneno ya kejeli redioni. Maneno ya redioni ni mafupi mno kwa ujumla, maana anayepiga kelele anawazibia wenzake njia.

Kuhusu "mashujaa wa ndege 5", yaani walioangusha ndege 5 au zaidi za adui, Marekani haijapata mwingine tangu Vietnam. Wa kwanza katika vita hiyo walikuwa Randy Cunningham na mwenzake wa kiti cha nyuma, Willie Driscoll. Tarehe 10 Mei 1972 waliangusha ndege 3 za adui aina ya MiG kwa siku moja, kisha wao wenyewe wakapigwa na kombora na kujirusha baharini. Cunningham baadaye akawa mbunge, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo kwa kula rushwa. Sehemu hiyo hakuna prodyuza aliyeigombania.

Yale majina ya utani wanajichagulia?

Ukijichagulia, utapewa baya zaidi. Jina hutolewa na wenzako, aghalabu kwa kura yenye kelele na vinywaji, na chanzo chake ni kosa ulilofanya, sura yako, au mchezo wa maneno juu ya jina lako la ukoo. Majina ya kishujaa ni ya muvi. Ya kweli mengi hayawezi kuelezwa mbele ya mama mkwe.

Mbona kwenye muvi wanavua barakoa ya oksijeni?

Ili umwone mwigizaji uliyemlipia tiketi. Rubani halisi huivaa akiwa angani, kwa ajili ya hewa na kwa sababu maikrofoni imo ndani yake.

Akijirusha na kiti, kesho anarudi kazini?

Akibahatika. Kiti hulipuliwa kwa baruti na roketi, na kutoka kuvuta mpini hadi kuning'inia kwenye mwavuli zinapita sekunde chache tu. Uti wa mgongo hubanwa vibaya. Pingili kuvunjika ni jeraha la kawaida, na wapo ambao hawakuruka tena. Hata hivyo mbadala wake ni kaburi. Kampuni ya Uingereza ya Martin-Baker, inayotengeneza viti hivi tangu miaka ya 1940, inahesabu zaidi ya watu 7,000 waliookolewa na viti vyake, na kila mmoja anastahili tai ya chama chao.

Kifo cha mwenzake steringi katika muvi ya 1986, aliyegonga kifuniko cha chumba cha rubani, hakikubuniwa hovyo. Ndege ya F-14 ikizunguka mlalo, kifuniko kilichofyatuliwa kinaweza kuelea juu ya wanaotoka. Kilichobuniwa hovyo ni cha 2022: mtu anatoka kwenye ndege inayosambaratika kwa kasi mara 10 ya sauti, kisha anaingia mgahawani na kunywa maji. Kwa kasi hiyo hewa yenyewe ingemmaliza.

Wakati wa kupiga picha za ile ya kwanza, mnamo Septemba 1985, rubani wa michezo ya angani Art Scholl alikufa akirekodi mzunguko wa ndege juu ya bahari ya California. Ndege na mwili havikupatikana. Muvi iliwekwa wakfu kwake.

Kutua juu ya meli ni kugumu kama inavyoonyeshwa?

Kugumu zaidi, na hapa muvi inawapunja. Kuondoka ni kwa manati ya mvuke inayoirusha ndege kutoka sifuri hadi kilomita 265 hivi kwa saa ndani ya sekunde 2. Kurudi ndiko kwenye kazi. Meli inasonga, sitaha inapanda na kushuka, na rubani anatakiwa kunasa kwa ndoano ya mkiani mmoja kati ya nyaya 3 au 4 zilizotandazwa. Magurudumu yakigusa tu, anasukuma injini hadi mwisho, kwa sababu ndoano ikikosa waya lazima aruke tena kabla sitaha haijaisha.

Kila kutua kunapewa alama na maofisa wanaosimama kando ya sitaha, na alama zinabandikwa ukutani ambapo kikosi kizima kinaziona. Hakuna kujificha. Vipimo vya mapigo ya moyo vilivyochukuliwa wakati wa vita ya Vietnam vilionyesha mioyo ya marubani ikienda mbio zaidi wakati wa kuondoka na kutua melini kuliko wakati wa kudondosha mabomu huku wakipigwa risasi. Usiku usio na mwezi, hali inakuwa mbaya zaidi, na wazee wa kazi hii hawaoni haya kusema magoti yaliwatetemeka.

Wanajisaidia wapi?

Kwenye mfuko maalumu wenye kitu cha kunyonya, wakiwa wamefungwa mikanda. Ndege ikijazwa mafuta angani safari hufika saa 6, 8 na kuendelea. Wengine hupunguza kunywa maji ili kukwepa adha hiyo, na ni kosa, maana mwili uliokauka hauhimili G.

Yule mwalimu mrembo wa muvi ya 1986 alikuwepo?

Alikuwepo mtu aliyewapa wazo, na habari yake inazidi ile ya muvi. Christine Fox alikuwa mwanahisabati wa kiraia aliyefanya uchambuzi Miramar, mtaalamu wa ulinzi wa meli za kubebea ndege. Hakuwa na mapenzi na mwanafunzi. Desemba 2013 akawa kaimu naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, mwanamke mwenye cheo cha juu kuliko wote waliowahi kufanya kazi Pentagon hadi wakati huo. Hiyo ningeilipia tiketi.

Tom Cruise, steringi wa Top Gun, aliendesha ile ndege ya kivita?

Hapana. Jeshi halikumruhusu kushika usukani wa F/A-18. Waigizaji wa 2022 walikaa kiti cha nyuma huku rubani wa jeshi akiwa mbele, baada ya miezi ya kuzoeshwa kwenye ndege ndogo. Zile nyuso zilizovutika na mashavu yaliyoshuka ni za kweli, na kwa hilo wapewe haki yao.

Jeshi huingiza mkono kwenye hadithi?

Wazi kabisa. Anayetaka ndege na meli za jeshi huwasilisha mswada usomwe, na jeshi likikataa, hakuna ndege. Katika muvi ya 1986 mpenzi wa steringi aliandikwa kwanza kama askari wa cheo cha chini. Kwa kuwa ofisa haruhusiwi uhusiano huo, akageuzwa raia. Kifo cha mwenzake kiliandikwa kama ndege mbili kugongana, jeshi likalalamika kwamba ajali zimezidi. Muvi ilipotoka, waandikisha askari waliweka meza nje ya kumbi za sinema. Tazama ukijua hivyo, na utaifurahia bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wanawake wapo?

Wapo. Marekani iliwafungulia ndege za mapigano mwaka 1993. Kara Hultgreen, wa kwanza kuidhinishwa kuruka F-14 kutoka meli, alikufa tarehe 25 Oktoba 1994 akijaribu kutua kwenye USS Abraham Lincoln. Leo si habari tena kukuta mwanamke anaongoza kikosi.

Ile "MiG-28" ya adui kwenye Top Gun ni ndege gani?

Haijawahi kuwepo. Ni F-5 ya Marekani iliyopakwa rangi nyeusi. Mkenya ana haki ya kucheka hapa, kwa sababu Jeshi la Anga la Kenya limeruka F-5 tangu 1978, kutoka kambi ya Laikipia, Nanyuki. Ndege ya aina ile ile inayomtisha steringi ndiyo inayopita juu ya Nairobi siku za sherehe za taifa, na ndiyo iliyotumwa kushambulia kambi za Al-Shabaab Somalia kuanzia 2011.

Kwetu Afrika Mashariki, marubani hawa wapo, na mtu anaweza kuingia?

Wapo, na kisa kizito kuliko muvi nyingi ni chao. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali ya Kenya, marubani wa Nanyuki walishikiwa bunduki waruke wakashambulie Nairobi. Kwa simulizi zilizochapishwa baadaye nchini humo, Meja David Mutua aliruka huku mmoja wa waasi amekaa kiti cha nyuma kumlinda. Basi Mutua akaipiga ndege kona na mibinuko hadi mlinzi wake, ambaye mwili wake haukuwahi kufunzwa kuhimili G, akawa hajui juu wala chini. Mabomu yakadondoshwa kwenye msitu wa Mlima Kenya.

Tanzania imeruka ndege za Kichina za aina ya J-7, na Uganda ilipokea Su-30MK2 za Urusi 6 mwaka 2011 na 2012, kwa ununuzi uliozidi dola milioni 700 na kuzua mjadala mkali bungeni. Hesabu hizo zinajibu swali la kuingia. Shirika la utafiti la RAND lilikadiria mwaka 2019 kwamba kumfundisha rubani mmoja wa F-16 hadi awe tayari kunagharimu dola milioni 5.6, na wa F-22 karibu milioni 11. Nchi yenye ndege sita haihitaji marubani wengi, na inayemwandaa itamchuja sana. Njia ni ile ya uofisa jeshini: unaingia kama ofisa mwanafunzi kwanza, unapimwa afya na hesabu, na wengi wa wanaofaulu urubani huishia kwenye helikopta au ndege za mizigo.